Mkono Nilioupaka Rangi

Nilimchora baba yangu ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya mji mzima, na sikujua. Siku tano nilisimama juu ya kreti la soda, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, napaka rangi huku naimba. Naimba, jamani! Ukitaka kujua mapenzi yanavyomgeuza mtu mzima kuwa zuzu, nitazame mimi.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikishikwa na hasira huanza habari mkiani.

Ukuta wenyewe ni wa kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, unaotazamana na soko la nguo. Miaka arobaini na moja iliyopita kiwanda kile kilishika moto mchana kweupe, na wanawake kumi na mmoja waliokuwa kwenye chumba cha kuchagulia hawakutoka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mji wetu wote unajua kwamba ufunguo alikuwa nao meneja, na meneja siku hiyo alikuwa safarini. Tena unajua kwamba bawabu mmoja kijana aliurukia ule mlango wa chuma, akalivuta kufuli kwa mkono mtupu mpaka nyama ikashikana na chuma. Vidole vyake viwili vya mwisho viligandana na havijaachana mpaka leo.

Bawabu huyo ni baba yangu. Mji ulimpa jina la Shujaa. Siku hizi anashona viatu kwa mkono wa kushoto kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, na hata waliomzidi umri humtangulia kwa salamu.

Mwaka huu kamati ya mtaa iliamua ukuta ule uchorwe, ili watoto wajue kilichotokea. Wakaleta mchoraji. Jina alilopewa na wazazi wake sitalitamka hapa, halistahili mdomo wangu. Mji ulimwita Brashi, na Brashi anatosha.

Alikuja kibarazani kwangu na suruali iliyochanika goti. Mimi ni fundi cherehani, nimeona magoti mengi. Lakini yule mwanamume alikaa kwenye benchi akanitazama nikitia uzi kwenye sindano, na uzi, ambao hunitii mimi tangu nina miaka kumi na sita, ukakataa kuingia. Mara tatu. Akatabasamu. Siku ya pili akaleta shati lisilo na tatizo lolote.

"Hili lina nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Litafutie ugonjwa."

Basi hapo ndipo nilipoingia mtegoni kwa miguu yangu miwili.

Mama yangu hakumtaka tangu siku ya kwanza. "Mwanamume gani huyu?" alisema. "Miraba minne hana hata mmoja. Upepo ukivuma anashika nguzo. Halafu ana macho ya kuchungulia."

"Mama, ni mchoraji. Kutazama ndiyo kazi yake."

"Ndiyo ninayoogopa."

Hata hivyo alilainika. Jumamosi hii wazazi wa Brashi walikuwa waje nyumbani kujitambulisha. Mama alishafua mapazia. Mimi nilishamshonea shati jeupe la siku hiyo, kola imara, mishono miwili miwili, kazi ambayo simfanyii mteja.

Sasa sikilizeni jinsi alivyochora. Brashi aliugawa ukuta kwa chaki katika miraba mia tatu, kila mraba na namba yake, akaufunika wote kwa maturubai. Kila nyumba ya mjini ilipewa mraba mmoja na karatasi yenye mistari: hapa rangi namba nne, hapa namba saba. Unafunuliwa mraba wako tu, unapaka, unafunikwa. Jirani yako yuko upande wa pili wa turubai, humuoni na hujui anapaka nini.

"Picha ya mji ichorwe na mji," alituambia siku ya mkutano. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kila nyumba mraba mmoja, lakini mimi alinipa sita.

"Mbona mimi sita?" nilimuuliza, nikijishaua kidogo.

"Kwa sababu wewe ni wangu," akasema. Nikajishika kwenye kreti.

Mistari ya karatasi yangu ilikuwa imepindapinda. Rangi zenyewe kahawia, kahawia iliyopauka, na waridi kidogo kwenye mikunjo.

"Hii ni tangawizi?" nikamuuliza siku ya pili.

"Paka tu, Fundi. Picha utaiona mwishoni."

"Kama ni tangawizi niambie, niipake kwa adabu."

Alicheka. Halafu akageukia ukuta, akakawia kunigeukia. Nilidhani anafurahia kazi yangu. Loo!

*

Turubai liliondolewa Alhamisi, saa kumi alasiri. Soko lilifungwa. Watoto walikaa mbele chini, nyuma yao ndugu wa wale kumi na mmoja kwenye viti, na katikati yao Bibi Pacha, ambaye pacha wake aliungulia mle ndani na yeye akabaki na jina la watu wawili. Mama alisimama kando yangu amevaa gauni lake la mikutano. Baba alisema miguu inamuuma, atakuja baadaye.

Brashi akakata kamba.

Kwanza tuliwaona wanawake. Kumi na mmoja, warefu kuliko milango, kila mmoja na uso wake, mikono imejaa pamba. Vigelegele vikapaa. Bibi Pacha akainua fimbo yake, akamwonyesha dada yake kwa kidole kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa tayari nalia kwa raha. Nikamtafuta Brashi nimrushie busu, liwalo na liwe.

Hakunitazama.

Ndipo nikauona mlango, mwisho wa ukuta upande wa kulia. Na mbele ya mlango, mkono, mkubwa kama mimi nilivyo. Vidole viwili vya mwisho vimegandana. Kahawia, kahawia iliyopauka, na waridi kwenye mikunjo.

Na katika mkono ule, ufunguo.

Vigelegele vilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, safu kwa safu. Nilisikia turubai likiburuzwa na upepo chini.

"Huo ni mkono wa Shujaa," mtu alisema.

"Ndio wenyewe."

Bibi Pacha aliiteremsha fimbo yake. Hakupandisha sauti, lakini tulimsikia wote. "Na ufunguo aliutoa wapi?"

Mama alinishika kiwiko cha mkono, kucha zikaingia ndani.

"Ulimwambia," alisema. Hakuwa ananiuliza.

"Mama..."

"Miaka arobaini na moja nimeufunga mdomo wangu. Wewe umeshindwa hata mwaka." Akaniachia, akaanza kupenya katikati ya watu kuelekea nyumbani, mbiombio, kumwahi baba asije.

Ndiyo, nilimwambia. Nisiwafiche.

Baba mwenyewe aliniambia mwaka jana, nilipokuwa namkata kucha. Kila Jumapili namkata, maana mkono ule hauwezi kujihudumia na wala hauwezi kuuhudumia mwenzake. Alikuwa anatoka katika homa kali, na nadhani aliona kifo kimepiga hodi. "Mimi ndiye niliyefunga," alisema, akitazama mkasi. Meneja aliagiza mlango ufungwe kwa nje kila zamu, wanawake wasitoke na pamba ndani ya nguo, na ufunguo akamwachia bawabu. Siku ile bawabu alifunga, akautia ufunguo mfukoni, akavuka barabara mara moja kumwona msichana aliyekuwa akimpenda, aliyekuwa amepanga foleni ya maji. Dakika tano. Kumbe dakika tano ni nyingi. Alirudi na ufunguo mkononi, na kufuli lilikuwa jekundu. Kabla hajauzungusha, ufunguo ukapinda.

Msichana wa foleni ya maji ni mama yangu.

Nikakaa na jambo hilo kifuani miezi minane. Kisha mchana mmoja wa mvua nampima Brashi mkono, utepe uko kwenye kiganja chake, ananiuliza, "Mbona umenyamaza?" Nikafunguka. Nilisema yote, mpaka ile foleni ya maji. Akanifuta machozi na ule ule utepe wa kupimia, akasema, "Siri yako ni yangu."

Alisema kweli. Alivyoifanya yake ndivyo nilivyoiona pale ukutani.

*

Nilimkuta nyuma ya ukuta, kwenye chumba alichokuwa akihifadhi makopo ya rangi. Alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia. Nikafunga mlango.

"Sema."

"Fundi wangu, nisikilize kwanza..."

"Fundi wako nani? Mimi fundi wa cherehani. Wa kwako alikuwa yule zuzu wa juu ya kreti. Sema!"

"Nilikaa na ndugu wa wale kumi na mmoja miezi mitatu. Bibi Pacha alikuja kila asubuhi na kiti chake, akakaa pale. Kila asubuhi swali moja. 'Mwanangu, waliniambia ufunguo ulikuwa safarini. Wewe unaamini?' Kila asubuhi, Fundi. Ningemjibu nini, na mimi najua?"

"Ungemjibu hujui! Kwani kuna asiyedanganya? Mimi namwambia mteja nguo iko tayari, imebaki vifungo tu, na kitambaa chake hata sijakikata!"

"Ukuta huu ni wa waliokufa. Sikuweza kuudanganya."

"Lakini mimi uliweza."

Akalisogeza kopo moja la rangi kwa mguu.

"Siku tano uliweza," nikasema. "Ulinishikia kreti nisianguke. Ulinifuta rangi puani. Uliniambia nipake tu, nitaona picha mwishoni. Nimeiona!"

"Nimechora akifungua," alisema haraka. "Tazama vizuri. Mkono una kovu. Siku anafunga hakuwa na kovu. Nimechora alivyorudi. Hakuna mtu atakayemdhania mabaya..."

"Aliyerudi na ufunguo ndiye aliyeondoka nao! Unadhani mji huu umejaa mapunguani? Hata kamati uliifanyia. Waliona mchoro wenye mkono mtupu. Ufunguo uliuchora lini?"

"Jana. Mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi nilichora mkono, wewe ukautia ufunguo."

"Ndiyo."

Alau hapo hakupindisha. Nilimtazama yale masikio, yamepakaa rangi ya samawati kama kawaida yake akichora, na nikataka kumsafisha. Hebu ona aibu hiyo. Mtu amekuchoma kisu, wewe unaona kola yake haikukaa sawa.

"Miraba mia tatu ilikuwepo," nikasema, na sauti sasa ilikuwa inanitoroka. "Ungempa muuza magazeti. Ungempa mwalimu mkuu. Kwa nini mimi?"

"Nilitaka mkono wake upakwe na mtu anayempenda."

Bora angenitukana. Bora angesema alikuwa na haraka, au karatasi zilichanganyika. Neno zuri namna ile, katikati ya uovu ule, lilinikata maini. Nikatafuta kitu cha kumtupia, nikapata brashi, nikaitupa. Hata haikumfikia. Ilianguka baina yetu, yeye akainama kuiokota kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaiacha.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Kwani watu huuliza ili iweje?"

Akafumba macho. "Nakupenda," alisema. "Hilo halikuwa la kudanganya hata siku moja."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana inauma. Ungekuwa hunipendi ningekwenda zangu kulala."

Nikachukua ndoo ya rangi nyeupe na brashi pana, nikatoka. Nilikuwa na nia moja tu, kuufuta mkono ule kabla baba hajauona. Alinifuata nyuma akiniita, na sikugeuka.

*

Watu hawakuwa wameondoka. Walinipisha. Nilishavua viatu, nimeshapanda kreti, brashi imeshachovywa, nikasikia, "Teremka, mwanangu."

Baba alikuwa amevaa aproni yake ya ngozi, vumbi la viatu mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa nyuma yake anahema, ameshika upindo wa aproni kama anayezuia mbuzi asivuke barabara. Alishindwa kumzuia.

Nikateremka. Ile brashi mkononi ilidondosha tone moja jeupe kwenye mguu wangu.

Baba alitazama juu muda mrefu. Alianza na wale wanawake, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anawataja. Alipofika kwenye mkono, akausogelea, akauinua wa kwake, akautazama huu na ule.

"Umeupaka vizuri," aliniambia. "Hata kucha umezipatia."

Nikaanguka miguuni pake. "Baba, nisamehe. Nilimwambia mtu mmoja. Mmoja tu."

"Na mimi nilimwambia mtu mmoja tu," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningelibeba. Alilisema kama anayenieleza njia ya kufika sokoni, na ndipo nilipoelewa kwamba kabla Brashi hajanisaliti mimi, mimi nilikwisha kumsaliti baba yangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitumia rangi.

Baba akageuka, akawaendea wale wa kwenye viti. Akasimama mbele ya Bibi Pacha.

"Dada," alisema, "uliuliza ufunguo niliutoa wapi. Nilikuwa nao mimi. Tangu asubuhi. Meneja aliamrisha, lakini aliyefunga ni mimi, na aliyevuka barabara ni mimi. Niliporudi nilichelewa."

"Ulivuka kwenda wapi?" aliuliza Bibi Pacha.

Baba hakumtazama mama. "Kwenye upuuzi wa ujana," alisema.

"Alikuja kwangu," mama akasema kwa sauti kubwa, na mji mzima ukamgeukia. "Mimi ndiye niliyemwita. Usinifiche, mume wangu. Umenificha vya kutosha."

Bibi Pacha aliwatazama wote wawili. Nilitamani alie, au apige kelele, au aiinue ile fimbo. Hakufanya hata moja. Alijiinamia, akaanza kufungua vikanda vya viatu vyake. Vidole vyake ni vya mtu mzee, ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Viatu hivi umenishonea mara ngapi, Shujaa?"

"Mara nyingi, dada."

"Na kila mara ulikataa malipo. Nikasema moyoni, mtu mwema huyu. Nikakuombea. Kila siku ya maisha yangu nimekuombea wewe pamoja na dada yangu, kwa pumzi moja." Akavivua, akaviweka chini mbele ya baba, kimoja kando ya kingine. "Jina hilo nakuvua. Mimi ndiye niliyekupa."

Kumbe ni yeye. Sikuwahi kujua.

Akaondoka peku kwenye changarawe ya moto, wajukuu zake wakimfuata bila kumshika. Wengine nao wakainuka, nyumba moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemtukana baba. Mwalimu mkuu alipopita alisema, "Kwaheri, Mzee." Ndiyo mara ya kwanza nimesikia mtu akimwita baba hivyo. Ni neno la heshima, lakini baba alilipokea kama kofi.

Mama akamshika mkono. Ule ule, vidole vilivyogandana, hadharani. "Twende nyumbani."

Walipompita Brashi, mama alisimama kidogo. "Kijana," alisema, "wazazi wako Jumamosi usiwasumbue."

Brashi akanitazama mimi. Macho yale yale ya benchini, yaliyonikosesha tundu la sindano. "Fundi," alisema, "nitausubiri uamuzi wako mwenyewe. Si wa mama."

Nilikuwa nimeinama naokota viatu vya Bibi Pacha. Kimoja kilikuwa bado na joto.

"Ukuta huo usiuguse," nikamwambia. "Wala usiufute. Baba ameukubali, basi ni wa baba. Na mimi usiniguse."

*

Ijumaa asubuhi nilimkuta baba kibandani mapema. Mteja hakuja, na meza ilikuwa tupu, isipokuwa vile viatu viwili. Alikuwa ameshavipaka kiwi, ameshatia kisigino kipya, ameviweka rafu ya mbele vinapoonekana na wapita njia.

"Hatavifuata, Baba."

"Huenda. Akija asikute vumbi."

Nikakaa kwenye stuli ya wateja. Nilitaka kuzungumza, sikupata mahali pa kuanzia. Akanisaidia.

"Yule kijana unamchukia?"

"Wewe je?"

Akafikiri. "Kwa ajili yako, namchukia. Akija hapa na kiatu simshonei." Akazungusha kopo la kiwi mezani. "Kwa ajili yangu mwenyewe, jana nililala. Nimeamka mama yako ananitikisa, anadhani nimekufa."

Tulicheka, wenzangu. Tulicheka mpaka mama akachungulia dirishani na macho yake yaliyovimba, akauliza kuna harusi gani hapo nje. Tukanyamaza, maana harusi ilikuwa ndiyo ile isiyokuwepo.

Nikaingia ndani. Shati jeupe lilikuwa kwenye henga, limepigwa pasi, linamsubiri mwenyewe. Nikalitazama. Nikachukua wembe.

Watu hudhani kufumua ni rahisi. Nguo niliyoishona kwa siku mbili ilinichukua mchana kutwa kuifumua, kwa sababu niliishona kwa moyo, na mshono wa moyo haukatiki ovyo. Kola nikaitoa. Mikono miwili, kushoto na kulia. Mgongo. Kifua vipande viwili. Vifungo saba. Kila kipande nikakipiga pasi, sikukichana hata kimoja, mimi si mshenzi. Halafu nikachukua chaki yangu ya kukatia, na kwenye kila kipande nikaandika namba kama zile zake, lakini nikazivuruga, ya kwanza mwisho na ya mwisho katikati. Nikavifunga kwenye ile karatasi yake ya mistari iliyopindapinda, na juu yake nikaandika: *Unganisha tu. Picha utaiona mwishoni.*

Nikampa mwendesha pikipiki ampelekee.

Jioni akanirudishia jibu. Mwendesha pikipiki alisema alimkuta amekaa sakafuni, amevipanga vile vipande mbele yake, na amekwisha kuvipatia vyote mahali pake. Brashi alimtuma na swali moja tu.

"Anauliza mbona kuna kipande kimepungua."

"Mwambie ahesabu vizuri."

"Amehesabu, dada. Anasema mfuko wa kifuani haupo. Wa upande wa kushoto."

Nilimwambia aende zake, nina kazi. Kazi sikuwa nayo. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye cherehani na taa haijawashwa, na mfuko ule ulikuwa mkononi mwangu, mdogo, mweupe, umeshakunjwa pindo tayari kwa kushonwa. Sikuwa nimeusahau. Niliupiga pasi pamoja na vingine, nikauandikia namba yake, nikaufunga kwenye karatasi. Kisha nikaifungua karatasi, nikautoa.